Nyumba ya Mtihani Ilivyopanda Ngamia

Siku mafundi wa stima wa Garissa walipoitwa kujifunza stima upya, stima yenyewe haikuwapo. Mashine ya mji ilikuwa imezimika tangu jana yake, na darasa la shule ya msingi walilopewa lilikuwa na joto la tanuri la mikate. Wanaume wazima, wengine wenye ndevu za hina, walijibana kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili, magoti yamewafika kifuani, wakikodolea macho picha iliyochorwa ubaoni kwa chaki.

"Hii," alisema mwalimu, "ni balbu."

Hakuna aliyebisha. Isitoshe, balbu ya chaki ilikuwa inawaka sawasawa na zile za dari.

Mwalimu mwenyewe alikuwa kijana anayeitwa Abdimalik, Msomali wa Isilii, aliyetumwa kutoka Nairobi na boksi la vitabu na kipimo cha umeme cha kuzungusha kwa mkono. Tusimwonee: kazi alikuwa anaijua. Ila alikuwa hajafika umri wa kitinda mimba wa baadhi ya wanafunzi wake, na kila alipotaka kuwakemea alianza na "samahani, wazee wangu." Mwaka huo wa tisini na saba ilikuwa imetoka amri kwamba fundi asiye na cheti kipya hawezi kutia sahihi nyumba yoyote ipewe stima. Bila kozi hakuna cheti, na bila cheti, koleo lako ni la kubania makaa.

Aliyechelewa kuliko wote alikuwa Dekow. Wiki nzima ya kwanza alikataa katakata kwenda. Nusu ya taa za mji alikuwa amezifunga yeye. Leo aende akaonyeshwa balbu? Alikuja baada ya kamati ya madrasa mpya, waliokuwa wamemwahidi kazi ya jengo zima, kumwambia kwa adabu sana asubiri nje kidogo, kisha wakamsahau huko nje mpaka adhuhuri. Ndipo akaja shuleni akiburura akala zake za tairi, akapewa dawati la nyuma, lenye jina la mtoto lililochongwa kwa kisu. Dawati la mbele kabisa alikaa Rage, ambaye zamani alikuwa akimbebea ngazi.

Siku hiyo somo lilikuwa waya wa arthi, ule wa kijani na manjano, unaotoka ndani ya nyumba ukaingia ardhini.

"Fundi Dekow," alisema Abdimalik, "samahani, mzee wangu. Hizi nyumba zako za zamani, ziko na arthi?"

"Nyumba zangu ziko na taa."

Darasa likaangua kicheko. Abdimalik naye alicheka kidogo, kisha akasema, "Stima ikivuja, inatafuta njia ya kwenda chini. Ukiinyima waya, itapitia mtu. Chuma chochote kinaweza kuuma: jiko, friji, mlango."

"Mimi mlango wangu ni ya chuma," Dekow alijibu, sasa amesimama, na dawati likasimama naye. "Nimefunga nyumba yangu mwenyewe kwa mkono wangu. Naingia, natoka. Haijaniuma hata siku moja, wallahi. Huyu waya ya kijani ni ya kuuza tu."

Hilo la kutoumwa alilisema kwa moyo safi, maana lilikuwa kweli.

"Mwalimu," Rage alinyoosha mkono kule mbele, "mimi arthi naijua." Na kweli alikuwa anaijua, mnafiki mkubwa.

Mtihani wenyewe ulikuwa hivi: kila fundi afunge stima kwenye nyumba moja wanamolala watu, nyumba ambayo haijawahi kuona waya. Taa, swichi, soketi, fyuzi, na arthi. Siku ya Alhamisi ya mwisho Abdimalik azunguke na kipimo chake, apime, agonge muhuri. Ijumaa arudi Nairobi.

Waliowahi kozi walishanyakua nyumba zote za mawe zilizobaki gizani. Dekow alizunguka mji mzima. Mwenye nyumba wa kwanza alimwambia kuta zake si daftari la kujifunzia. Wa pili alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Na mimi nilidhani wewe ni fundi."

Neno hilo alirudi nalo nyumbani. Mkewe Kaltun alikuwa jikoni anageuza mikate ya anjera.

"Imekwisha," Dekow alisema. "Nyumba hakuna."

"Na ya hooyo?"

"Ya hooyo ipi?"

Kaltun alielekeza kidevu uani. Pale uani, tangu ukame ulipomaliza mbuzi wa watu, alikaa huyo hooyo, mama yake Kaltun, Osob, ndani ya herio yake: fimbo zilizopindwa, mikeka juu, ngozi chini, nyumba ya kubomolewa ikapakiwa na kujengwa kwingine. Mbuzi wachache waliosalia alikaa nao hapo hapo. Ngamia wake wawili walikuwa kwa jamaa zake ng'ambo ya uwanja wa ndege.

"Kaltun, ile ni herio."

"Halali mtu ndani?"

"Analala."

"Imewahi kuona waya?"

"Ile nyumba haina ukuta!"

"Kwani stima inataka ukuta au inataka mtu?"

Abdimalik alipopelekewa swali hilo, alipekua karatasi zake za amri mbele na nyuma akitafuta neno ukuta. Hakuliona. Alitafuta neno mawe, akatafuta neno saruji. "Imeandikwa makazi," alisema mwishowe, akifuta jasho. "Mzee wangu, sina pa kukukatalia. Lakini arthi lazima. Arthi ikianguka, umeanguka, na kozi nyingine sijui italetwa lini huku."

Sasa ilibaki namna ya kuifunga. Mkwe mwenye adabu haingii nyumba ya mama mkwe wake, hamkazii macho, hasemi naye uso kwa uso. Neno likiwepo linapita kwa mke, hata kama watatu hao wamekaa pamoja. Dekow na Osob walikuwa wameishi hivyo bila kosa hata moja. Mama huyo alikuwa na adabu za kupita kiasi: akija kumwita bintiye hakugusa hata mlango. Alisimama mbali, akaugonga kwa fimbo yake ya kuchungia, akasubiri. Dekow alijisifia jambo hilo msikitini. "Mama mkwe wangu," alikuwa akisema, "ananiheshimu mpaka mlango."

Basi aliketi juu ya jerikeni iliyogeuzwa, mgongo kaupa herio, na Kaltun ndani akifunga waya.

"Mwambie hooyo wako asogee, waya ipite kwenye fimbo ya katikati."

"Amekusikia."

"Mwambie!"

"Hooyo, sogea."

"Mwambie nimesogea," ilisema sauti ya Osob.

"Anasema amesogea."

"Mwambie asante."

Osob alipotoka na mbuzi, Dekow alifanya kazi yake mwenyewe. Alijilaza kifudifudi, akaingiza kichwa, mabega na mikono, miguu akaiacha nje kabisa juani, ili mtu yeyote akiuliza, fundi hakuingia. Kwa namna hiyo alifunga soketi moja, swichi moja na sanduku la fyuzi, na majirani walipita wakizisalimia nyayo za akala. "Salaam aleikum, Dekow." "Waaleikum salaam," zilijibu akala.

Osob aliporudi alikagua. Nyumba ilikuwa mali yake. Fimbo zile alizikata mama yake kwa ajili ya harusi yake, na kila moja ilikuwa na mahali pake. "Mwambie mume wako, taa ameining'iniza mahali pa chombo cha maziwa." Dekow akalala tena kifudifudi, akahamisha taa.

Kazi ikabaki arthi. Hapo Dekow, ambaye hakuwahi kuchimba shimo la arthi maishani mwake, alifungua kitabu alichopewa akasoma kwa kidole. Nondo ya shaba ipigiliwe ardhini. Udongo ukiwa mkavu, uwekwe makaa na chumvi, umwagiwe maji kila siku. Alisoma mara ya pili, maana aliona kama kitabu kinamtania. Garissa, ukame umekausha visima, na yeye ainyweshe ardhi?

Aliinywesha. Kila jioni alimwaga debe la maji shimoni, na Osob aliyatazama yakizama.

"Mwambie mume wako mbuzi wawili hawajanywa."

"Mwambie hooyo wako, hii ni kiu ya waya."

"Mwambie waya haizai."

Mbuzi walikuwa na msimamo wao. Chumvi waliinusa siku ya kwanza, na siku ya pili walikuwa wameshafukua shimo, wanalamba makaa na midomo myeusi. Dekow akaweka chumvi nyingine, akazungushia miiba. Mbuzi wa Garissa na miiba! Walikula kwanza miiba, ndipo wakashukia chumvi. Muuza duka akamuuliza kama ameanza biashara ya kukausha nyama.

Abdimalik alipopita kutazama, akazungusha kipimo chake, akasikitika. "Taa inawaka, fyuzi safi, waya umefungwa vizuri sana. Lakini arthi hakuna, mzee wangu. Ardhi imekauka. Nikikuta hivi Alhamisi, nitakuangusha, na itaniuma."

Dekow hakulala vizuri tena. Madrasa ilikuwa inamsubiri mpaka Alhamisi hiyo hiyo. Baada yake kazi ilikuwa ya Rage.

Jumatano mbingu zilifunguka. Ilikuwa ile mvua ambayo redio iliipa jina la kigeni, na ambayo baadaye ilimeza barabara na madaraja. Lakini jioni ile ya kwanza watu walitoka nje kuoga nguo zikiwa mwilini. Dekow alisimama kando ya shimo lake la arthi, maji yamelijaa, akacheka peke yake kama aliyepagawa. Ardhi imekunywa! Alhamdulillahi, ardhi imekunywa bila debe!

Alfajiri ya Alhamisi alikwenda msikitini, akakaa huko mpaka jua likapanda, kila mtu akimwombea mtihani. Aliporudi alikuta mlangoni maziwa yamemwagika, meupe juu ya matope, na chombo kimepinduka. Aliyaruka.

"Nani amemwaga maziwa siku kama ya leo?"

"Paka," alisema Kaltun. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakumtazama.

Ndani taa zilikuwa zimezima. Dekow hakushangaa, maana stima ya mji ule ilikuwa na tabia zake. Alipitiliza hadi uani, na hapo akasimama. Mahali pa herio palikuwa na duara la udongo mkavu. Kando yake ulilala waya wa kuletea umeme kutoka nyumba kubwa, umekunjwa vizuri. Mbuzi hawakuwapo. Hata nondo ya arthi ilikuwa imeng'olewa.

"Kaltun! Nyumba iko wapi?"

"Imehama."

"Imehama vipi?"

"Vile nyumba zinahama. Jamaa zake walileta ngamia."

"Leo? Leo ndiyo... Hukumwambia leo ni mtihani?"

"Mvua imenyesha. Anasema ngamia wanataka majani." Kaltun alijifunga mtandio upya, bila sababu. "Nyumba ni yake, Dekow. Ningemshika kwa lipi?"

"Na nondo yangu?"

"Anasema ilikuwa ya nyumba."

Dekow alikaa chini juu ya jerikeni yake. Alitaka kumlaani mtu, lakini mama mkwe halaaniwi, mvua aliiomba mwenyewe, na ngamia ni ngamia tu. Hapo hapo ikaunguruma Landrova nje, na Abdimalik akaingia uani na kipimo chake kimefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

"Samahani, mzee wangu. Nyumba ya mtihani iko wapi?"

"Inatembea," Dekow alisema.

Abdimalik alicheka mpaka akashika kiuno. Alipomaliza, akauona uso wa Dekow. Alitoa karatasi zake za amri, akazisoma chini ya mtandio ambao Kaltun alimwinulia dhidi ya manyunyu. "Hazijasema isimame mahali pamoja," alisema. "Pandeni gari. Twende tuitafute kabla barabara haijakatika."

Kaltun alipanda pia, maana bila yeye wawili wale wangeongea vipi?

Walifuata barabara ya kwenda Hulugho, matope yakiruka mpaka kiooni. Kila walipokutana na mchungaji Dekow alichungulia nje na kuuliza, na aibu aliyoisikia hakupata kuisikia tena. "Warya, mmeiona nyumba yenye waya za stima?"

"Imepita hapa," alisema mzee mmoja bila kushangaa. "Kwenye ngamia wa nyuma. Imebeba sanduku lililoandikwa hatari."

Waliikuta alasiri, kwenye kiwanja cha majani machanga, ambako mvua ilikuwa imetangulia kufika. Osob alikuwa amemaliza kuisimamisha. Fimbo ya katikati ilikuwa katikati, na waya ulikuwa umelala juu yake vile vile alivyoufunga Kaltun, vifundo vile vile, kwa kuwa fimbo hazikubadilishana mahali. Balbu ilikuwa imesafiri ndani ya chombo cha maziwa, imezungushiwa kitambaa, nzima. Stima ya karibu ilikuwa mwendo wa nusu siku. Swichi ilikuwa tayari.

"Na arthi?" aliuliza Abdimalik.

Arthi ilikuwa imepigiliwa nyuma ya nyumba, waya wake wa kijani na manjano umeshikamana nayo. Na kwenye nondo hiyo alikuwa amefungwa ndama wa ngamia.

"Mfungueni," alisema Abdimalik.

"Akifunguliwa atamfuata mama yake," alisema Kaltun, "na mama yake ameshafika kule."

Abdimalik alitazama karatasi, akamtazama ndama. Ndama hakuwa ametajwa. Akapiga magoti matopeni, akaunga nyaya zake, akazungusha mkono wa kipimo. Ndama alimnusa shingo. Akazungusha tena, akakisogeza kipimo karibu na macho, kisha akamgeukia Dekow, na meno yote yalikuwa nje.

"Mzee wangu, arthi kama hii hata Nairobi sijaiona."

Cheti kiligongwa muhuri juu ya goti la Abdimalik. Dekow alikipokea kwa mikono miwili, na madrasa yote aliiona mbele yake, vyumba na taa zake. Aliugeukia upande alipokuwa Osob, macho chini. "Kaltun, mwambie hooyo wako Mungu ampe umri. Nyumba yake imeniokoa."

Osob alikuwa amesimama kando ya ngamia, mtandio umemfunika nusu ya uso. Hakumjibu bintiye. Alimwita mgeni.

"Kijana, una mama?"

"Ninaye, Isilii."

"Basi wewe utanisemea, maana binti yangu nimemkataza. Mwambie mkwe wangu, nyumba aliyonifungia mimi haiumi. Nimeishika yote, kwa mikono yangu. Ile yake inauma."

Abdimalik, mkalimani mtiifu, alimgeukia Dekow aliyekuwa pale pale na aliyesikia kila neno. "Anasema yako inauma."

"Yangu ipi?" sauti ya Dekow ilikuwa ndogo. "Mwulize, inauma wapi?"

"Mlango," alisema Osob. "Tangu nilipofika. Wakati wa jua ilikuwa kama siafu, nikatafuta fimbo. Leo, na haya maji, ilinitupa chini."

"Mlango," alisema Abdimalik, akitazama matope.

"Mwulize, mbona... mbona hakusema?"

"Mwambie," alisema Osob, "mama mkwe amlalamikie mkwe nyumba yake kwa mdomo gani?"

Ndama alilia akimtaka mama yake. Dekow alitazama fimbo ya kuchungia mkononi mwa mama mkwe wake, ile ya heshima aliyoisifia msikitini, kisha akatazama miguu ya mama huyo: viatu vyembamba vya ngozi, vimelowa. Halafu akaziona akala zake mwenyewe, za tairi, alizovaa kutoka kitandani hadi kitandani.

Abdimalik alikiangalia cheti mkononi mwa Dekow. Wino ulikuwa umeshakauka. "Mtihani ni nyumba moja," alisema polepole, na akaenda kufunga kipimo chake kwenye nailoni.

Walifika nyumbani jua likizama. Landrova iliondoka, wao wakabaki mbele ya mlango wao. Maziwa ya asubuhi yalikuwa yamechanganyika na matope.

"Na wewe?" Dekow aliuliza. "Inakuuma?"

"Nilikuambia mwaka juzi. Ukasema stima inanisalimia." Kaltun aliinua mguu kidogo, akamwonyesha ndala. "Nikanunua hizi."

Dekow aliziangalia ndala. Kisha akasema, "Ingia kwa nyuma, uwashe swichi kuu."

"Dekow."

"Washa, nimesema."

Alivua akala zake, moja baada ya nyingine, akasimama pekupeku kwenye maji. Aliusogelea mlango aliouchomelea mwenyewe. Kwa juu, chini ya bati, waya wa taa ya barazani ulipita ukisuguana na fremu ya chuma. Aliufunga yeye huo. Alinyoosha mkono kwa ufundi, mgongo wa mkono ukitangulia, akagusa.

Kaltun alisikia kishindo, akazima, akatoka mbio. Mumewe alikuwa ameketi matopeni mbali na mlango, kofia imeruka huko, anautazama mkono wake kama wa mtu mwingine.

"Yaa Allah," alisema. "Yaa Allah, Kaltun. Ni hivi?"

"Wewe umegusa kwa mgongo wa mkono," alisema Kaltun. "Hooyo aliusukuma kwa mikono miwili. Alikuwa amekuletea maziwa ya mtihani."

Dekow hakuinuka. Alilia pale pale alipoketi, bila kujificha, cheti kikilowa mfukoni. Alipoweza kusema tena, alisema, "Lete jembe. Na chumvi yote iliyobaki."